Kumwacha Mtoto Aangalie Anapotaka

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuwafanya watoto wa watu waangalie ninapotaka mimi. Nilikuwa mpiga picha katika studio moja Kariokor, Nairobi, ghorofani juu ya mafundi wa mikoba na akala, viatu vya matairi, na kila Jumapili familia zilipanda ngazi zikitoka kanisani, mtoto amevalishwa sweta na kofia ya sufu mpaka jasho linamtiririka. Mtoto wa miezi sita hana habari na kamera. Ilibidi nimwite. Nilitikisa funguo, nikabweka, nikalia kama paka, nikavaa kofia ya mama yake kichwani mwangu na kuaibika mbele ya baba yake. Akigeuka tu, nabofya. Wenzangu walijua kupanga taa, mimi nilijua macho ya watoto, na kwa ujuzi huo nililisha nyumba yangu.

Simu zenye kamera zilipoingia mjini, ngazi zile zikapoa. Kila mtu akawa mpiga picha, hata watoto wenyewe. Siku moja nilikuwa nimekaa nikifuta vumbi kwenye viti visivyokaliwa, akaingia mama mmoja mwenye sare ya muuguzi akitaka picha za pasipoti. Nyuma yake akaja mzazi na mtoto anayelia kwa nguvu zake zote. Nikampigia ulimi mara moja, mtoto akanyamaza na kunigeukia. Yule muuguzi akanitazama kwa makini.

"Umefanyaje hapo?"

"Ndiyo kazi yangu, sista."

"Kuna mradi mtaani Huruma unatafuta mtu wa kamera asiyewaogopa watoto. Njoo Jumatatu."

Huyo alikuwa Sista Adhiambo, na nilifanya kazi chini yake mpaka alipostaafu. Mimi nimestaafu juzi tu. Ninyi vijana mnaokalia kiti changu sasa mliniomba siku ile ya keki ya kuniaga niwaandikie ya zamani kabla sijayasahau, nami nimekubali kwa kuwa nyumbani hakuna anayetaka kuyasikia tena. Vyeo sitavitaja. Vilikuwa vichache na havikunisumbua.

Jumatatu ile nilifika na mfuko wa silaha zangu zote: funguo, kengele, bata wa mpira anayelia akiminywa. Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya kliniki, kuta zimefunikwa mashuka ya kijivu, mna kiti kimoja cha mama, skrini mbele yake na tundu la kamera chini ya skrini. Basi. Mtoto wa kwanza akaletwa, akaoneshwa picha mbili, akaziangalia kidogo, kisha akageukia ukuta. Mimi huyo, funguo juu. Sista akanishika mkono kabla hazijalia.

"Njoroge, hapa hatumwiti mtoto. Tunamwacha."

"Na akiangalia ukuta?"

"Tunaandika kwamba ameangalia ukuta."

Nilirudi nyumbani nikimwambia mke wangu nimeajiriwa kutofanya kitu. Akauliza kama wanalipa. Nikamwambia wanalipa. Akasema basi nisiwe hodari wa kuuliza maswali.

Nyie mnajua mradi ulihusu nini, ila nitaeleza jinsi nilivyouelewa mimi, mtu wa studio. Mtoto asiyesema ana njia moja ya kukuambia anachokikumbuka, nayo ni macho. Ukimwonesha kikombe chekundu mara nyingi, anakizoea, anakichoka. Ukimrudishia kikombe hicho baadaye pamoja na mpira ambao hajawahi kuuona, anayekumbuka kikombe atakiacha na kuukimbilia mpira. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na watoto wameijua methali hiyo kabla hawajaota meno. Aliyesahau kikombe atavitazama vyote viwili, maana kwake vyote ni vigeni. Kwa hiyo kichwa kilichofungwa unakisoma kwa kuangalia mboni zinaelekea wapi.

Huo ungekuwa mwisho wa hadithi, tungekuwa tumefunga kazi mapema. Shida ni kwamba mtoto aliyekiona kikombe kidogo tu hufanya kinyume. Hurudi kwenye kikombe kile kile kwa sababu bado hajamalizana nacho. Basi mtoto akikodolea kitu macho, huenda hakijui kabisa, huenda anakijua nusu. Na akikipa kisogo, huenda ni kwa sababu anakijua sana. Hapo ndipo Sista aliponisumbua kwa miaka. Nikimwendea na furaha zangu, "Sista, huyu ameangalia sana!", alinijibu bila kuinua kichwa, "Usiniambie ameangalia sana. Niambie jana alikuwa ameona nini."

Kompyuta hizi zenu zinazofuata mboni zenyewe hatukuwa nazo. Tulikuwa na kanda ya video na kitufe. Unakaa mbele ya televisheni, unabonyeza mtoto akiangalia, unaachilia akiacha, kisha mwenzako anafanya hivyo hivyo peke yake bila kuona ulichofanya, halafu mnalinganisha na kugombana. Kidole gumba changu cha kulia kinaniuma wakati wa mvua hadi leo, na nakionea fahari. Unajifunza vitu ambavyo hakuna anayevitaja. Kope hushuka kidogo kabla ya macho kuhama. Mtoto mwenye njaa haangalii chochote isipokuwa kifua, na aliyeshiba analala, kwa hiyo una nafasi finyu katikati na lazima uiwahi.

Akina mama nao tuliwavisha miwani myeusi. Mama akiona picha, mwili wake huegemea upande anaoupenda bila yeye kujua, na mtoto aliye pajani hufuata. Miwani ile tuliinunua soko la Muthurwa, mikubwa, ya kifahari, na haikuchukua muda akina mama wakawa wanakuja wamesuka nywele ili wapigwe picha wakiwa wameivaa. Nilipiga. Sikuweza kujizuia.

Sista hakuwahi kukubali neno "mtoto hakuwa makini". Mtoto akiangalia ukuta, yeye aliinuka kwenda kuukagua ukuta. Mara nyingi alikuta kitu: mjusi, doa la maji, uzi unaoning'inia. Siku moja hakukuta chochote, akakaa kwenye kiti cha mama, akajishusha mpaka kimo cha mtoto, akacheka. Kutoka pale chini, kupitia nafasi kati ya shuka na shuka, ulionekana mlango ambao mama yule alikuwa ameingilia na mtoto wake mkubwa akabaki nje. Mdogo alikuwa akimngoja kakaye.

Sasa niwape kisa cha rivisheni, ambacho najua mmekisikia kikiwa kimeongezwa chumvi. Ilikuwa hivi. Kulikuwa na wiki ambayo watoto wote walikataa kikombe. Si kuchoka baada ya muda, la. Picha inatokea, mtoto anaitupia jicho mara moja, anageuka. Ofisi kuu ya mradi ikapiga simu kuuliza kama skrini yetu imekufa. Tukabadilisha nyaya, tukasafisha kioo. Wapi!

Halafu akaja mama mmoja kijana tuliyemwita Mama Brayo, binti mchangamfu mwenye genge la mboga pale chini ya ghorofa yao. Alipovua miwani akanisogelea. Akina mama waliniita Guka, yaani babu.

"Sasa Guka, niambie ukweli. Mtoi wangu amepata ngapi?"

"Hapa hakuna kupata, Mama Brayo."

"Zii, Guka, usinifiche. Si amefanya rivisheni wiki mzima?"

"Rivisheni ya nini?"

Akafungua mkoba wake, akatoa kikombe chekundu. Kikombe kile kile, au ndugu yake. Mama mmoja aliyetangulia alikuwa amewasimulia wenzake kwamba mtihani ni wa kikombe, wakachanga, wakakinunua, na kikawa kinazunguka ghorofa nzima mlango kwa mlango. Kila mtoto alikuwa na saa yake ya masomo. "Watoi wa Donholm wanalipiwa tuition," Mama Brayo akasema. "Wangu nimfunze mwenyewe, kwani kuna makosa?"

Sista alicheka mpaka akakaa chini. Alipopangusa macho akamwambia Mama Brayo kwamba mtoto wake amefanya vizuri sana, jambo ambalo lilikuwa kweli tupu: alikuwa amekikumbuka kikombe kwa dharau. Ikatubidi tutafute picha ya kitu kisichokuwemo katika nyumba yoyote ya Huruma, na kazi hiyo si rahisi, maana chochote kinachotupwa popote Nairobi hufika Huruma. Hatimaye ofisi kuu wakatuchorea maumbo yasiyofanana na kitu chochote duniani. Mama Brayo akayaona na kusema hata Form Four hawezi kufanya paper kama hiyo.

Nawapenda sana akina mama wale. Nikipita sasa pale Huruma naona ghorofa mpya zimeinuka na sijui nani anakaa nyuma ya dirisha lipi. Wakati ule nilikuwa siwezi kuvuka barabara bila mtu kuita "Guka!" na kunionesha jino jipya la mtoto.

Sasa Nekesa. Kila mmoja wenu atakutana na Nekesa wake, kwa hiyo msome hapa polepole.

Nekesa alikuwa mama kijana kutoka Bungoma, kibarua katika kiwanda cha sabuni upande wa barabara ya Outer Ring. Mumewe alikuwa fundi wa ujenzi aliyekuwa kazini Mombasa, akija mara moja moja. Binti yao Naliaka alikuwa kwenye mradi tangu akiwa na miezi mitatu, na alikuwa mtoto mtulivu mwenye macho ya kudumu. Alipofika karibu miezi saba, kifua kilimshika mama yake vibaya, akalazwa. Watoto wachanga hawakuruhusiwa wodini. Mama mkwe akaitwa kutoka Bungoma kuja kumlea mtoto, mwanamke mzima mwenye mikono mikubwa ya jembe, ambaye sote tulimwita Kukhu kama walivyomwita kwao, yaani nyanya. Alimtunza Naliaka vizuri. Sitaki mtu amwone mbaya katika kisa hiki.

Nekesa alikaa hospitalini karibu miezi miwili. Alitoka amekonda, nywele zimenyolewa, sauti imekwaruza. Siku ya tatu tangu arudi akaja kwetu peke yake, akasimama mlangoni.

"Guka. Sista. Nilikuwa naomba mumweke Naliaka kwa ile mashine."

"Siku yake haijafika," Sista akasema. "Kuna nini, mama?"

"Ananikataa. Nikimchukua ananiangalia hivi, halafu anageuza uso anatafuta Kukhu. Mama amesema mtoto amenisahau, ataenda naye Bungoma akalelewe huko. Bwana yangu amesema kwa simu, vile mama ataamua ni sawa. Nyinyi mnajua vitu watoto wanakumbuka. Mniambie kama ananikumbuka. Kama hapana, nitamwacha aende."

Sista alimweka kwenye kiti na kumshika mkono. Akamweleza ukweli, na ukweli wenyewe ulikuwa mchungu: mashine husema juu ya watoto wengi wakiwekwa pamoja. Juu ya mmoja, siku moja, haiwezi kuapa. Naliaka anaweza kumkodolea mama yake macho kwa sababu hamjui au kwa sababu anajaribu kumjua.

Nekesa akautoa mkono wake.

"Sasa mnapimanga nini?"

Niliona aibu, si kwa kosa lolote, ila kwa kuwa nilikuwa nimekaa miaka mbele ya kitufe na mtu mwenye shida ya kweli alipokuja nilikuwa mkono mtupu. Kukhu alikuwa ameshasema angeondoka mwisho wa wiki kurudi kwenye palizi yake. Sista akasema tutakwenda kuwatembelea nyumbani kesho yake, kama marafiki.

Chumba cha Nekesa kilikuwa ghorofa ya nne katika jengo la kina Mama Brayo, na kama vyumba vingi vya Huruma kiligawanywa kwa pazia: mbele makochi na zulia, nyuma kitanda, ndoo za maji na karai. Kukhu alitukaribisha chai. Mkoba wake ulikuwa tayari kando ya mlango, na juu yake nguo za mtoto zimekunjwa. Naliaka alikaa mapajani mwake akigonga kijiko kwenye kikombe. Nekesa alijaribu kumpokea. Mtoto akamtazama kwa muda mrefu, uso haucheki haulii, kisha akajificha kwenye kwapa la Kukhu.

"Mmeona," Kukhu akasema, na hakusema kwa ubaya. "Huyu mtoto hana makosa. Asiyekuwepo na lake halipo. Acha nikae naye mpaka mama yake apate nguvu."

"Mpaka lini, mama?" Nekesa akauliza.

"Mpaka aanze shule."

Nekesa akainuka, akasema anaosha uso, akapita nyuma ya pazia. Tulijua anaenda kulia. Tukasikia maji yakimiminwa kwenye karai.

Kijiko kikanyamaza.

Nilikuwa nimekaa upande ule, na mazoea ya kazi yalinifanya nimwangalie mtoto badala ya kuangalia chai. Naliaka aliinua kichwa. Hakuangalia mahali sauti ilikotoka, katikati ya pazia. Aliangalia chini kabisa, kwenye kona ambapo pazia hukutana na ukuta, karibu na sakafu. Hapakuwa na kitu pale. Akaendelea kuangalia, mwili umekazana, kijiko hewani.

Kamera yangu ilikuwa bado ndani ya mfuko. Nilimgusa Sista kiwiko. Alikuwa ameshaona.

"Nekesa," akaita taratibu, "zamani ukitoka kiwandani ulikuwa unafanya nini kwanza?"

Sauti ikajibu kutoka nyuma, nzito kwa machozi. "Nilikuwa naoga mikono huku. Sabuni ya kazi inamchoma macho, nilikuwa simguzi kwanza. Yeye ako hapo kwa zulia ananingoja."

"Ukimaliza?"

"Napiga magoti hapa kwa kona namchungulia."

"Kukhu," Sista akauliza, "wewe huogea huko nyuma?"

"Mimi naogea bafu ya nje. Hiyo karai sijawahi guza."

Naliaka alikuwa bado anaangalia kona ile tupu. Watoto wengi niliowaona walikuwa wakiangalia kitu kilichopo. Huyu alikuwa akiangalia mtu asiyekuwepo, mahali pake, kwa wakati wake.

"Nekesa," Sista akasema, "piga magoti."

Pembe ya pazia ikainuka. Uso ukatokea pale chini, umelowa, umekonda, kichwa kimenyolewa. Nilitegemea mtoto acheke, na kusema kweli nilikuwa nimeshaanza kutabasamu kwa niaba yake. Hakucheka. Mdomo ulitetemeka, akaangua kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwake tangu aje kwetu, kilio cha hasira, akajisukuma kutoka mapajani mwa Kukhu mpaka ikabidi amshushe. Akatambaa kwa zulia huku akilia, akafika, akamshika mama yake sikio na kulivuta.

"Ananikataa tena," Nekesa akasema.

Ni Kukhu aliyejibu, si sisi.

"Wacha ujinga, mwanangu. Mtoto akiogopa mgeni, humkimbia. Huyu ametambaa kukugombeza. Amekungoja."

Alisimama, akaenda mlangoni, akazichukua zile nguo za mtoto juu ya mkoba wake, akazirudisha kwenye sanduku moja moja. Nilimwona akisimama kidogo na soksi moja mkononi kabla ya kuiweka.

Tulipokuwa tunashuka ngazi nilimuuliza Sista kama tuiandike. Akasema mtoto mmoja, siku moja, bila kanda, si kitu cha kuandika. Tulipofika chini nikaona anajipangusa macho, na tukakubaliana kwamba ni moshi wa jiko la Mama Brayo.

Kukhu aliondoka Ijumaa. Nilipita kumsaidia kubeba mkoba, na Nekesa akatusindikiza mpaka langoni na mtoto mgongoni. Naliaka alikuwa ameegemeza shavu, akimfuata Kukhu kwa macho kila aliposogea. Kukhu akaliona hilo. Akanigeukia mimi, kwa sauti ya chini ili Nekesa asisikie.

"Mzee, wewe ndiye wa macho ya watoto. Mimi nikienda, atanikumbuka mpaka lini?"

Nilitafuta jibu zuri. Nikaona ananitazama vile Nekesa alivyonitazama, nikamwambia nililokuwa nalo. "Sijui, Kukhu. Miezi si mingi, kama hatakuona."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitegemea. Nekesa alikuwa amesikia.

"Tutakuja Krismasi, mama. Tutakuja wote."

"Krismasi ni mbali," Kukhu akasema. Akamshika Naliaka kidevu kwa mkono ule mkubwa, akaleta uso wake karibu kabisa, akautuliza hapo ili mtoto auangalie ashibe. "Mniletee huyu mapema, mahindi yakiwa bado mabichi shambani."